Barua Isiyopotea: Kisa cha Folda Zilizobadilishwa Majina Mjini Voi

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii huambiwa mtu anayekosa baraza, kisha akalalamika kwamba hakukumbukwa katika mgao. Katika ulimwengu wa tarakilishi, methali hiyo imepata uwanja mpya. Barua ambayo haimo katika faharasa huhesabiwa kuwa haipo, ingawa imehifadhiwa salama ndani ya mashine. Namna jambo hilo linavyotokea, na namna linavyoweza kugunduliwa, hudhihirika katika kazi ya fundi mmoja wa tarakilishi mjini Voi.

Mji wa Voi uko kando ya barabara kuu iendayo Nairobi kutoka Mombasa, karibu na vilima vya Sagalla, nao umepakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki. Mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Ndovu hawaujui mpaka uliochorwa kwenye ramani. Huvuka usiku, wakala mahindi na kunde, na kulipopambazuka mkulima hubaki akihesabu mashina yaliyokanyagwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa mkulima huyo njia ya kudai fidia, lakini dai lisilo na maandishi halina miguu.

Ndiyo sababu ofisi ndogo aliyoihudumia fundi huyo ilikuwa ikiwaandikia wakulima madai yao, ikiambatisha picha za mashamba, na kuyatuma kwa barua pepe. Nakala zilitunzwa katika folda zilizopewa majina ya maeneo: Sagalla, Mbololo, Marungu, Kasigau. Kila barua ilitiwa alama: "linasubiri", "limejibiwa" au "limelipwa". Barua zilipozidi, ofisi iliweka programu ya faharasa, yaani programu inayosoma barua zote mara moja, ikaandika kila neno linapatikana katika barua ipi na barua hiyo imo katika folda ipi. Mtu akitafuta jina la mkulima, programu haianzi kuzisoma barua upya. Huitazama faharasa, ikajibu papo hapo.

Kila Ijumaa jioni, amri chache zilizoandikwa pamoja zilifanya kazi tatu kwa mfuatano. Kwanza, ziliunda folda ya madai ya juma linalofuata. Pili, ziliiagiza programu ihuishe faharasa. Tatu, zilibadilisha jina la folda ya juma linalokwisha, "mapya" ikawa "yaliyotumwa". Kwa muda mrefu utaratibu huu haukuleta matata. Ofisi iliponunua tarakilishi mpya yenye kasi, mambo yakaanza kwenda mrama. Juma moja barua zote za Sagalla zilitoweka katika faharasa. Juma lililofuata zilirejea zenyewe, lakini zikiwa hazina alama hata moja. Kisha majuma matatu yakapita salama, na la nne likaharibika.

Athari yake haikuwa ya mashine peke yake. Mzee mmoja alifika kuulizia dai lake, akaambiwa kwamba halionekani.

"Mwanangu," alimwambia karani, "picha mlipiga nyinyi wenyewe, nikiwa nimesimama hapo hapo shambani."

"Ni kweli, mzee, lakini mashine inasema hakuna," karani alijibu.

Mzee alikuwa na haki ya kushuku. Katika sehemu ambapo wengi wamesubiri fidia kwa muda mrefu, neno "hakuna" halichukuliwi kuwa hitilafu ya programu. Huchukuliwa kuwa hila ya watu.

Hitilafu inayotokea kila mara ni rahisi kuisaka kuliko inayokuja na kuondoka. Fundi alianza kwa njia iliyozoeleka. Alipachika katika programu maneno ya kuarifu kila hatua: imeanza folda hii, imemaliza folda ile. Hitilafu ikatoweka. Alipoyaondoa maneno hayo, ikarejea. Wengine wangeridhika kuyaacha maneno hayo humo na kutangaza kwamba ugonjwa umepona. Yeye aliona kwamba kuyaandika maneno yale kulifanya jambo moja tu la maana: kuliichelewesha programu. Basi alirudi kwenye kumbukumbu za ofisi, akalinganisha majuma mabaya na mazuri. Yalipokuwa mabaya, madai mapya yalikuwa machache. Yalipokuwa mazuri, madai yalikuwa mengi. Ndovu walipovamia mashamba kwa wingi, faharasa ilikuwa salama. Walipotulia mbugani, faharasa iliharibika.

Kiini cha kitendawili hiki ni wakati. Mfumo wa tarakilishi huweka kwa kila folda saa ya badiliko lake la mwisho. Ili isipoteze muda, programu ya faharasa huilinganisha saa hiyo na ile iliyoiandika ilipopita hapo awali. Zikiwa sawa, huipita folda bila kuisoma. Aidha, kubadilisha jina la folda kwa kawaida hakuigusi saa ya folda yenyewe, bali saa ya folda mama inayoibeba. Programu ile ilikuwa ikiandika saa kwa sekunde nzima. Madai yalipokuwa machache, kuunda folda, kuhuisha faharasa na kubadilisha jina vilimalizika ndani ya sekunde moja. Folda mama ilikuwa imebadilika mara mbili, lakini saa yake ilisomeka ileile. Programu ilipopita tena iliamini kwamba hakuna kilichobadilika, ikalifuata jina la zamani, ikakuta halipo, ikazifuta barua zake katika faharasa pamoja na alama zote. Folda nyingine ilipoundwa baadaye, saa ya mama ilibadilika. Ndipo programu ilipoliona jina jipya na kuzipokea barua zilezile kama wageni.

Dhana haitoshi bila ithibati. Fundi aliunda folda za majaribio zenye barua mbili tatu, akazirudia amri zile mara nyingi. Hitilafu ilijitokeza karibu kila mara, isipokuwa pale kazi ilipoanza mwishoni mwa sekunde moja na kuishia katika nyingine. Alipoweka kituo cha sekunde mbili kabla ya kubadilisha jina, haikujitokeza kabisa. Kuweza kuiita hitilafu na kuifukuza upendavyo ndiko kuifahamu.

Hata hivyo, kituo hicho kilikuwa kipimo tu, hakikuwa tiba. Mtu angeweza kubadilisha jina kwa mkono wakati wowote. Tiba ilikuwa katika kanuni mbili. Kwanza, ikiwa saa ya folda ni sawa na sekunde inayoendelea, programu isiiandike, maana sekunde hiyo haijakwisha na lolote laweza kutokea. Iache folda hiyo isomwe tena. Hivyo ndivyo inavyofanya notmuch, programu huria ya faharasa ya barua pepe iliyoanzishwa na Carl Worth mwaka 2009. Pili, programu isizifute barua za folda iliyokosekana kabla ya kuisoma folda mama upya. Kila barua pepe kwa kawaida hubeba kitambulisho chake, ambacho hakibadiliki folda inapobadilishwa jina. Jina jipya likionekana kabla ya la zamani kufutwa, kitambulisho hicho hutosha kuonyesha kwamba barua ni ileile, na alama zake hubaki.

Suala hili si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 2009 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa TATAKI. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 ikiwa na jina la TUKI; toleo la tatu la mwaka 2013 lina jina la TATAKI. Msomaji anayetafuta kwa jina moja pekee hupata nusu ya urithi, akadhani ndio wote. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetafuta "tarakilishi" katika maandishi yaliyosema "ngamizi" au "kompyuta". Huko Taita Taveta kwenyewe, nyaraka zilizoandikwa "wilaya" zilikaribishwa na nyaraka za "kaunti" baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, na shamba linalotajwa katika zote mbili laweza kuwa lilelile.

Wanaotunza maktaba, kamusi na majarida ya Kiswahili wana kazi ya kuliandika jina jipya na kulihusisha na la zamani kabla ya kulifuta la zamani. Mzee wa Sagalla hakuwa na haja ya kujua habari za sekunde wala folda mama. Alihitaji karani ambaye, akiambiwa na mashine kwamba hakuna, atauliza kwanza: hakuna kwa jina lipi?