Nilipaka Rangi Juu ya Ukungu

Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Zanzibar, na chumba chake cha chini nilikipangisha nikijua kina ukungu. Madoa meusi yalikuwa yamepanda ukutani kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Nikanunua rangi ya mafuta, nikayafunika. Mpangaji alipokuja kukitazama, mama kijana mwenye mtoto mdogo, sikumwambia neno. Akakisifu chumba kwa usafi, nami nikapokea sifa ile pamoja na kodi ya mbele.

Masika yalipoanza, rangi ikavimba, ikabanduka, na madoa yakarudi yakiwa mapana zaidi. Mama yule akaja kwangu kwa adabu: "Baba, ukuta unatoka maji, na mtoto kifua kinamlia usiku." Nikamjibu kuwa hafungui madirisha, anapika ndani, anaanika nguo chumbani. Ni kweli alianika nguo chumbani. Mvua ile ilikuwa hainyamazi, angezianika wapi? Jibu langu lilikuwa tayari kabla hajamaliza kusema, kwa sababu kosa likiwa lake, gharama haziwi zangu. Aliporudi kulalamika tena, nilimpa kopo la rangi iliyobaki. Kopo lile ndilo linaloniuma kuliko yote.

Alihama baada ya daktari kumwambia kuwa mtoto ana dalili za pumu. Siwezi kuapa kuwa pumu ile ilitoka ukutani mwangu. Lakini tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kuhusu unyevunyevu na ukungu majumbani, likieleza kuwa wanaoishi humo hupatwa zaidi na kikohozi, kubanwa na kifua na pumu. Mbegu za ukungu ni ndogo mno, huelea hewani, na mtoto anayelala ubavuni mwa ukuta huzivuta usiku kucha. Mimi niliambiwa mtoto anaumwa, nikabishana.

Baadaye nilisoma habari za Awaab Ishak, mtoto wa Rochdale, Uingereza, aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miaka 2 tu. Uchunguzi rasmi wa kifo chake ulihitimishwa Novemba 2022: ugonjwa wa njia ya hewa uliomuua ulitokana na kukaa muda mrefu kwenye ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake, aliyetoka Sudan, alitoa taarifa tangu 2017, akaambiwa apake rangi. Waliowapangisha walidhani tatizo ni namna familia ile inavyoishi. Maneno yale nilikuwa nimeyasema mimi, chumbani kwangu, kwa Kiswahili. Leo England ina sheria yenye jina la mtoto huyo, inayowalazimisha wanaopangisha nyumba za jamii kuchunguza na kurekebisha ndani ya muda maalumu.

Ndipo nilipomwita fundi mzee wa chokaa. Hata hapo nilikuwa bado natafuta pa kutokea: nilimuuliza wapi naweza kupima ukungu ule ni wa aina gani, nikitumai nitaambiwa si wa hatari. Akaniambia kipimo kinachotakiwa ni cha maji, na wataalamu wa afya nao husema vivyo hivyo: ukungu wa rangi yoyote uondolewe, na chanzo cha unyevu kizibwe. Akabandika kipande cha nailoni ukutani, akaziba kingo zote kwa selotepu. Kesho yake matone yalikuwa upande wa ukuta. Kama unyevu ungetokana na mvuke wa kupikia na nguo zilizoanikwa, yangejikusanya upande wa chumbani. Nailoni ile ilimsafisha mpangaji wangu, na mimi ikanitia hatiani.

Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Mawe hayo hunyonya maji ya ardhini, na lipu ya chokaa huyaachia yatoke na kukauka. Miaka ya nyuma mimi niliibandua lipu ya wazee nikapiga ya saruji, kisha juu yake nikapaka rangi ya mafuta. Maji yakakosa njia. Yakapanda juu zaidi, yakaanza kuozesha hata vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Nje nako mfereji wa bati ulikuwa umetoboka, mvua yote ikimwagika kwenye msingi.

Tulianza na mfereji. Kisha tukavaa barakoa na glovu, tukabomoa saruji yote, tukatupa godoro na kapeti, tukauacha ukuta upigwe na upepo wa kaskazi kabla ya kurudisha chokaa. Dawa ya kung'arishia nguo hatukuitumaini. Kwenye ukuta unaonyonya huondoa weusi wa juu, na mizizi hubaki. Na asidhubutu mtu kuichanganya na amonia, mvuke wake ni sumu.

Nilimtafuta mama yule, nikamrudishia kodi yake na kumwomba radhi mbele ya mumewe. Mtoto bado anatumia dawa ya kuvuta.

Wenye nyumba wenzangu, mpangaji akikuambia ukuta una maji, nenda ukaushike kwa mkono wako siku hiyo hiyo. Na kama chumba kina ukungu, usimlaze mtoto wa mtu humo.