Mbotela: Ugenini Chini ya Jina la Kwetu

Ndugu zetu walioko Mombasa na Lamu wanapotupigia simu, hawakosi kutuuliza mambo mawili: kodi ni kiasi gani, na je, mahali penyewe pana utulivu? Ni maswali ya haki. Anayehama hupima mfuko wake kwanza, kisha usingizi wake. Huu ni mwaka wetu wa tatu tukiishi Mbotela, mashariki mwa jiji la Nairobi, nasi tumeona afadhali tuwajibu kwa maandishi, na tuongeze jambo la tatu ambalo hakuna aliyetuuliza.

Kwanza kodi. Mbotela ni mtaa wa nyumba za zamani za baraza la jiji, uliojengwa katika miaka ya 1950, jirani na Makongeni na Hamza. Mwenye nyumba leo ni Kaunti. Sisi tumepangishwa vyumba viwili na mzee aliyerithi upangaji kwa babake, na tunacholipa hakifiki nusu ya tulichokuwa tukitakiwa kulipa katika mitaa mingine tuliyoizuru. Gari za mjini hupatikana Barabara ya Jogoo, na gari-moshi husimama stesheni ya Makadara. Alfajiri barabara hujaa watu waendao kwa miguu kazini, viwandani, ili nauli ibaki nyumbani iwe unga.

Pili utulivu. Utulivu wa Mbotela si ule wa vichochoro vya Mji wa Kale baada ya sala ya adhuhuri. Watoto hucheza mpira mpaka magharibi, redio huimba dirisha kwa dirisha, na Kisheng cha vijana hutupita masikioni kama ndege. Maji huja kwa zamu, na mitungi husimama mlangoni ikingoja. Baridi ya Julai hutufunika mablanketi mawili. Nazi ni ghali, hivyo mbaazi za nazi zimekuwa chakula cha Ijumaa tu. Hata hivyo, usiku tunalala. Jirani akisikia mtoto wetu anakohoa, hubisha hodi asubuhi na tangawizi mkononi. Huo ndio utulivu tulioupata, nao unatutosha.

Majina ya hapa nayo hutuliwaza. Nairobi ina Makadara, ina Kaloleni, ina hata Barabara ya Likoni. Siku za mwanzo tulicheka kuona kwamba majina tuliyoyaacha Mombasa yametutangulia kufika. Lakini jina la mtaa wenyewe hatukulijali, mpaka jioni moja binti yetu aliporudi kutoka chuoni akauliza: “Mbotela alikuwa nani?” Tulinyamaza. Mzee wetu mwenye nyumba ndiye aliyemjibu.

Tom Mbotela alikuwa mtu wa pwani, wa ukoo wa Freretown, ng’ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Alikuja Nairobi, akawa makamu wa rais wa chama cha KAU, na akaipinga njia ya Mau Mau. Aliuawa jijini humu Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya kutangazwa hali ya hatari. Wa ukoo huo huo ni James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa, na Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025 baada ya kutuuliza redioni kwa miongo mingi: Je, huu ni ungwana?

Swali hilo lilitupata nyumbani mwetu wenyewe. Shangazi yetu alipotutembelea, jirani alimletea chai na mandazi, akaketi naye, wakazungumza vizuri. Jirani alipoondoka, shangazi akatuuliza kwa sauti ya chini: “Huyu ni wa ukoo gani?” Hakukusudia ubaya. Ni swali tulilolelewa nalo. Na sisi tulioko pwani tunajua lilivyotumika zamani: kumpima mtu kwa babu yake, na kuwaita watu wa Freretown kwa majina ambayo hatutayaandika katika ukurasa unaosomwa na watoto. Tulimjibu: “Shangazi, tangu tufike hapa hakuna aliyetuuliza ukoo wetu. Na mtaa huu tunaolala umepewa jina la mjukuu wa watumwa.” Alinyamaza kitambo, kisha akaomba aitiwe yule jirani, amshukuru kwa chai.

Hatusemi Mbotela ni pepo. Unafuu wake hauna dhamana. Mipango ya kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands na kuinua magorofa imekuwa ikitajwa kwa miaka, na nyumba za Kaunti za Pangani zimekwisha kubomolewa. Wazee hukumbusha kwamba Pangani ilibomolewa mara mbili: mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikivunja kijiji kilichokuwa hapo, chenye Waislamu wengi wenye kusema Kiswahili, na wakazi wakahamia Pumwani na Shauri Moyo. Mzee wetu amezaliwa katika nyumba hii, na bado haimiliki. Akipewa notisi kesho, yeye na sisi tutatoka pamoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hapa hata mwenye jembe ni mgeni.

Basi, kwa ndugu wanaofikiria kutufuata: njooni, kodi mtaiweza na majirani watawapokea. Lakini begi la ukoo liacheni Mombasa. Halina nafasi katika vyumba viwili. Na mtakapoulizwa mnakaa wapi, litajeni jina la Mbotela kwa heshima, kwa kuwa mtu huyo alitoka kwetu, nasi hatukumjua mpaka tulipohamia mlangoni pake.