Mtazamaji wa Mbali

Mtu aliye ugenini wakati nchi yake inapochagua viongozi hufanana na mzazi asikiaye kilio cha mwanawe ng'ambo ya mto uliofurika: sauti humfikia, mkono wake haufiki. Hali hiyo iliwapata Wakenya waliokaa Arusha mwishoni mwa mwaka 2007. Kutoka mjini, njia hupita ubavuni mwa Mlima Meru na kufika mpakani Namanga kwa saa chache tu; lakini sheria ya wakati ule haikumruhusu Mkenya kupigia kura ugenini. Waliobaki Arusha walibaki na redio, televisheni na simu.

Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba. Tarehe 30 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi, Raila Odinga akayakataa matokeo, na damu ikamwagika. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makwao. Baadaye tume ya Jaji Johann Kriegler ilisema kuwa kasoro zilizidi hata mshindi wa kweli asiweze kujulikana.

Katika Arusha hiyo hiyo yalikuwapo makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Mwezi mmoja kabla, tarehe 28 Novemba, majaji wake wa rufani walithibitisha baadhi ya hatia za watu walioitumia redio na gazeti kuchochea mauaji ya mwaka 1994. Hapo palikuwa na somo. Asiye na kura ana ulimi, na ulimi wa mtu wa mbali una hatari yake: asemaye "wapigwe" akiwa salama, nyumba yake haichomwi. Neno lake hulipiwa na mwingine.

Walikuwapo pia watu wa mbali waliouvuka mto. Mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 yalipatikana kwa juhudi za Kofi Annan na wenzake, akiwamo Benjamin Mkapa. Na Jakaya Kikwete, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alishiriki.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tarehe 29 Oktoba 2025 Tanzania ilipiga kura. Ghasia zikazuka, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Safari hii mwana wa Arusha ndiye aliyetazamwa. Jamaa yake aliye Nairobi au London ndiye aliyetazama, akituma ujumbe usiojibiwa.

Basi wajibu wa mtazamaji ni upi? Kunyamaza mbele ya dhuluma ni kosa, na kuchochea kutoka mahali pa salama ni kosa pia. Asiongeze hesabu ya wafu wala asiipunguze. Aseme alilolithibitisha, aulize lililofichwa, na kabla ya kutamka neno ajiulize ni nani atakayelilipia.