Simu kama sinia, kiganja kilekile!

Leo naomba tuyaweke kando ya mapenzi na umbeya wa mitaani, tuzungumzie kiganja. Ndiyo, kiganja! Kiungo hiki kinapiga kazi kuliko punda, lakini siku ya kununua simu hakuna anayekiuliza maoni. Tukifika dukani tunauliza kamera ikoje, chaji inakaa muda gani, kioo kina inchi ngapi. Kiganja kimetulia zake pembeni, kinasubiri kubebeshwa.

Mimi ni mwanamke mwenye mikono midogo, na simu yangu ina kioo cha inchi 6.7. Kaka yangu ndiye aliyeninunulia, na ninamshukuru mpaka kesho. Picha zinatoka safi, sauti inalia kama redio. Lakini kuiandikia kwa mkono mmoja, wajameni, ni kasheshe! Nimeishika kwa mkono wa kulia, gumba likitaka kuifikia herufi Q au A upande wa pili, inabidi niitelezeshe simu kiganjani kama samaki mbichi. Ule mshale wa kurudi nyuma ndio kabisa. Umejificha kona ya juu kushoto kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Kuufuata kule ni kuomba simu ianguke.

Basi nasi tumezoea. Kidole cha mwisho tumekifanya rafu, kinabeba simu kwa chini. Vidole vitatu vinaikumbatia kwa nyuma. Gumba peke yake ndilo linalokimbia huku na huku kama konda. Halafu tunaambiwa hiyo ndiyo raha ya teknolojia!

Hivi ilianzaje? Wakubwa wanaikumbuka Nokia 3310 ya mwaka 2000. Ilikuwa na uzito wa gramu 133, unaifumbata yote, unaandika ujumbe ukiwa umeiweka mfukoni na hukosei herufi. Mwaka 2007 ikaja iPhone ya kwanza, kioo chake inchi 3.5 tu. Na hizo inchi, kwa asiyejua, hupimwa kona mpaka kona, sio upana. Mwaka 2010 Steve Jobs mwenyewe, bosi wa Apple, aliwaambia waandishi wa habari kwamba simu kubwa ambayo mkono hauwezi kuizunguka hakuna atakayeinunua.

Kumbe wanunuzi walikuwa na mawazo yao! Mwaka 2011 Samsung wakatoa Galaxy Note yenye kioo cha inchi 5.3. Watu wakacheka, eti huyo anaongea na sinia sikioni. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kwamba imeuza milioni 10. Kicheko kikaisha. Mwaka 2014 Apple nao wakasalimu amri, wakatoa iPhone 6 Plus ya inchi 5.5. Ilipofika 2024, Galaxy S24 Ultra ilikuwa na inchi 6.8 na gramu 232. Pima mwenyewe na ile 3310! Kioo kimekaribia mara mbili ya kile cha 2007, na kiganja cha binadamu hakijaongezeka hata nusu inchi.

Sasa njoo tupande wote daladala la jioni, la Mbagala au la Gongo la Mboto, chagua mwenyewe. Umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine una simu. Dereva anakanyaga breki kama ana ugomvi nayo. Konda anachezesha sarafu, "Nauli, dada!" Mikono miwili, kazi tatu. Ukiachia bomba utamkalia mtu mapajani. Ukiachia simu, kioo kwaheri. Na ukikaa dirishani usifikiri umepona, maana simu inayozidi kiganja huishiki, unaibeba tu, na kinachobebwa hivyo kibaka hahitaji nguvu kukinyakua.

Lakini kuna la zaidi ya kuibiwa, nalo ndilo lililonifanya niandike. Siku moja nimesimama hivyo hivyo, ujumbe ukaingia kutoka kwa mdogo wangu. Mama amelazwa, zinatakiwa shilingi laki moja na nusu za vipimo, usiku huohuo. Nikawa nausoma mara ya pili, moyo unadunda, nikasikia sauti ya mzee aliyekaa mbele yangu, taratibu kabisa: "Pole, mwanangu. Mama atapona. We tuma tu hiyo laki na nusu."

Nusu ya gari ikanigeukia. Mzee wa watu hakuwa na nia mbaya, tena alinionea huruma. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa sijamaliza kuielewa habari ile, tayari imeshakuwa ya watu wote. Mama ana presha na hajapenda ijulikane, hata majirani hawaambiwi. Leo konda anaijua! Ningefanyaje? Kuifunika simu kwa kiganja siwezi, maana kiganja kinafunika robo tu. Na kutuma pesa mle ndani ilikuwa haiwezekani, kwa sababu namba zenyewe zinatokea kioo kizima, kila moja kubwa kama kifungo cha koti. Namba ya siri gani hiyo inayosomwa mpaka na wa siti ya nyuma? Nikateremka kituo ambacho si changu, nikaegemea ukuta wa duka, nikaishika simu kwa mikono yote miwili, nikatuma. Mama alitoka wodini baada ya siku nne, namshukuru Mungu. Ila tangu siku hiyo, ujumbe wa nyumbani sifungui ndani ya gari.

Ya pili ni maumivu. Shina la gumba langu la kulia, pale kwenye kifundo, lilianza kuuma kidogo kidogo, nikadhani nimelilalia. Likaendelea mpaka kufungua chupa ya maji ikawa ni shughuli. Nilipokwenda kuonana na mtaalamu wa viungo, akaniambia nilikunje gumba ndani ya ngumi, halafu niinamishe kifundo kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Weee! Nilipiga ukunga mpaka waliokuwa nje wakachungulia.

Akanieleza kwamba kano zinazoliendesha gumba zinapita kwenye kijifuko chembamba pale kifundoni, na mwendo uleule ukirudiwa rudiwa, kijifuko kinavimba na kuzibana. Ugonjwa wenyewe una jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeueleza mwaka 1895, wakati simu za mkononi hazijaotwa hata ndotoni. Unawapata sana kina mama wenye watoto wachanga kwa kuwanyanyua kutwa. Mimi sina mtoto mchanga. Ninachokilea mimi ni simu! Dawa yake ya kwanza ilikuwa kulipumzisha gumba na kulifunga kitambaa maalumu wiki kadhaa. Kuna wanaofika mpaka kuchomwa sindano, hata kupasuliwa.

Hapo kaka zangu mtasema mnaonewa, lakini ukweli usemwe: sisi kina dada tunaumia zaidi. Kwa wastani mikono yetu ni midogo kuliko ya wanaume, ila simu zinatengenezwa za saizi moja. Mwanasosholojia mmoja wa Kituruki, Zeynep Tufekci, aliliandikia jambo hili mwaka 2013. Alikuwa kwenye maandamano ya Gezi jijini Istanbul, anataka kupiga picha za mabomu ya machozi, akashindwa kuinyanyua simu na kubonyeza kwa mkono mmoja kama walivyoweza wanaume. Unaona? Kumbe sio kulalamika kwa kudeka. Ushahidi unaweza kupotea kwa sababu simu ni pana!

Na mifuko je? Suruali ya mwanaume inameza simu nzima. Gauni langu la kitenge halina hata mfuko wa kuwekea pipi. Bibi zetu walifunga pesa kwenye pindo la kanga wakatembea mikono mitupu. Hebu jaribu kufunga inchi 6.7 kwenye pindo, uone kanga itakavyokuvuka!

Sasa mbona tunazinunua? Tusiwe wanafiki. Kwa wengi wetu simu ndiyo kompyuta, ndiyo televisheni, ndiyo duka. Humo tunaangalia mpira, tunaandika barua za kuomba kazi, tunawaonyesha wateja nguo. Mama yangu mwenyewe anaipenda yangu kwa kuwa herufi anazikuza mpaka anasoma bila miwani. Na walipojaribu kutuletea ndogo, hatukuzinunua vya kutosha. Apple walitoa iPhone mini ya inchi 5.4 mwaka 2020, wakarudia 2021, na mwaka 2022 toleo jipya halikuwa na mini tena. Mwenye duka anafuata pesa, na pesa ilifuata macho. Jicho linataka kioo kikubwa, mkono ndio unaolipa gharama.

Mpaka hapo basi, tusiishie kulia. Kwanza, siku ukienda Kariakoo kutafuta simu, usiitazame tu ikiwa mezani. Ishike kwa mkono mmoja, pamoja na kava lake, halafu peleka gumba kona ya juu ya upande wa pili. Likishindwa kufika bila simu kuyumba, ujue hapo unanunua kazi ya mikono miwili. Muuzaji akikunja uso, mwache akunje.

Pili, kwa wenye simu tayari, ingieni kwenye mipangilio mtafute matumizi ya mkono mmoja. Simu nyingi za Android wanayo, na iPhone wana namna ya kuvuta kioo kishuke chini. Kibodi nayo nyingi zinaweza kusogezwa zikaegemea upande wa gumba. Pete ya kubandika nyuma ya kava inasaidia pia, bei yake haifiki ya chips mayai. Ujumbe mrefu tuma kwa sauti, ukiwa peke yako lakini! Na fundi akikushonea gauni, mwambie atie mfuko, tena wa kina.

Tatu, na hili nawaomba sana: ukikaa karibu na mtu mwenye simu kubwa, tazama dirishani. Yule hakupanga kukuonyesha. Huenda anasoma habari ambayo hajui atamwambia nani.

Mimi gumba langu limepoa, na simu bado ninayo. Ya kaka siiuzi. Ila nikiingia kwenye daladala inakaa kwenye mkoba, zipu imefungwa. Anayenitafuta jioni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asinune nisipojibu. Nimeshika bomba.