Kupanga Chumba Mtandaoni

Wahenga walinena kwamba rahisi inavunja upishi. Nimeitaja methali hii mara nyingi katika insha za shuleni, lakini sikuonja ukali wake hadi alasiri moja ya mwaka 2023, nilipoketi mbele ya akina mama 22 huko Kibwezi, kaunti ya Makueni, nikijaribu kuwaeleza mahali ilikokwenda tovuti yao. Nyuma yao, kwenye pembe ya nyumba, kulikuwa na viondo 60 vya katani vilivyokwisha kusukwa na kutiwa mikanda ya ngozi. Mnunuzi wake alikuwa ameandika barua pepe mara tatu. Zote tatu zilimrudia.

Mpenzi msomaji, naomba nianze mwanzo. Mama yangu alizaliwa Kibwezi, na baba yangu ni mtu wa Mutomo, kaunti ya Kitui. Barabara itokayo Kibwezi ikavuka Mto Athi na kupitia Ikutha hadi Mutomo ndiyo iliyonilea, kwani likizo moja niliimaliza huku na nyingine kule. Upande wa Makueni, nyanya yangu mzaa mama, ambaye sote humwita Susu, alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wasusi. Upande wa Kitui, ami zangu walikuwa na mizinga ya nyuki. Nilipoingia mwaka wa pili chuoni, mwaka 2022, jamaa hawa wa pande mbili waliafikiana kuuza bidhaa zao kwa pamoja mtandaoni. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta, nilipewa kazi hiyo, ijapokuwa nilikuwa mwanafunzi wa Kiswahili wala si wa sayansi ya kompyuta.

Nilichagua kampuni ya kuhifadhi tovuti kama mtu anunuaye nyanya sokoni: nilitazama bei tu. Tangazo moja liliahidi mengi. Nafasi bila kikomo, barua pepe bila kikomo, na jina la tovuti la bure, yote kwa shilingi 1,800 mwaka wa kwanza. Akina mama walichanga fedha hizo sarafu kwa sarafu. Sikusoma masharti. Sikuuliza bei ya mwaka wa pili. Sikuuliza hilo jina la bure litaandikishwa kwa jina la nani.

Mwaka ulipotimia, bei ilipanda hadi shilingi 6,900. Ilani ya malipo ilitumwa kwa anwani niliyokuwa nimeacha kuisoma. Tovuti ikafungwa, na barua pepe za kikundi zikafungwa nayo, kwa sababu vyote viwili vilikuwa chini ya dari moja. Nilipotaka kuhamia kwingine, niligundua kwamba jina lilikuwa limesajiliwa kwa jina la kampuni yenyewe. Niliandika, nikapiga simu, sikujibiwa. Wala sikuwa nimehifadhi nakala ya picha na maelezo tuliyoyaandaa kwa miezi minne.

Susu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, ulipopanga chumba huko chuoni, risiti iliandikwa jina la nani?"

"Langu, Susu."

"Na hiki cha kwetu?"

Sikuwa na jibu. Husemwa kuwa majuto ni mjukuu. Siku hiyo mjukuu huyo nilikuwa mimi.

Swali la Susu lilinirejesha kwenye lugha, uwanja ninaoufahamu zaidi. Waingereza huiita kazi hii kwa neno lenye maana ya kukaribisha wageni. Baadhi yetu tumelifuata neno hilo tukasema "mwenyeji wa tovuti". Naona jina hilo linapotosha. Mwenyeji humpa mgeni wake chakula na malazi pasi na kudai kodi, na mgeni mwenye adabu hahoji. Hapa hakuna mgeni. Kuna mwenye nyumba na kuna mpangaji, kuna kodi na kuna mkataba. Neno "kupangisha" linasema kweli hiyo waziwazi, na laiti ningelitumia tangu mwanzo, ningeuliza maswali ambayo kila mpangaji huuliza.

Kadhalika neno "kikoa", linalotumiwa siku hizi kwa maana ya jina la tovuti na himaya yake. Hapo kale kikoa kilikuwa mlo wa shirika, ambapo kila mmoja hutoa chakula kwa zamu yake. Asiyetoa zamu yake huvunja kikoa. Jina la tovuti nalo halinunuliwi likawa mali ya milele. Husajiliwa kwa muda, na sharti lilipiwe tena muda huo unapokwisha. Majina ya Kenya yaishiayo kwa .ke husimamiwa na shirika la KENIC, na mtu huyasajili kupitia kwa wasajili walioidhinishwa. Biashara nyingi huchukua .co.ke. Jambo la msingi ni kwamba jina na chumba ni vitu viwili mbalimbali. Ukimiliki jina, waweza kuhama chumba leo na wateja wakakupata kesho mahali papya. Usipolimiliki, umekuwa mateka wa mwenye nyumba.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 tulianza upya. Safari hii nilikwenda na daftari. Swali la kwanza lilikuwa: seva iwe wapi? Wanunuzi wa asali yetu wengi wako Nairobi na Machakos, ilhali wanunuzi wa viondo wako pia Ulaya na Marekani. Seva ikiwa ng'ambo, ombi la mteja aliyeko Nairobi hushuka hadi Mombasa, likavuka bahari kwa nyaya kama SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka 2009, au EASSy iliyofuata mwaka 2010, kisha jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Seva ikiwa nchini, mawasiliano yaweza kupitia kituo cha mabadilishano cha KIXP, ambacho kilianzishwa mwaka 2000, kikafungwa muda mfupi baadaye kwa amri ya wasimamizi wa mawasiliano, na kufunguliwa tena mwaka 2002. Kabla yake, barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi hadi mwingine iliweza kuzunguka ng'ambo kwa setilaiti kwanza. Tuliamua kukaa nchini, maana asali ndiyo huuzwa kila wiki, na mnunuzi wa viondo huweza kusubiri nukta moja zaidi.

Swali la pili lilihusu ahadi. Kampuni moja iliahidi kuwa hewani asilimia 99 ya wakati, nyingine asilimia 99.9. Tofauti ilionekana kama punje ya mtama. Nilipopiga hesabu, asilimia 99 iliruhusu zaidi ya siku 3 na nusu za giza kwa mwaka. Ya pili haikufika saa 9. Swali la tatu: nakala rudufu huwekwa kila baada ya siku ngapi, nami naweza kuichukua mwenyewe? La nne: bei ya mwaka wa pili ni ipi? La tano: je, majirani ni akina nani? Katika seva ya pamoja tovuti nyingi hutumia anwani moja, na jirani mmoja akituma barua taka, barua za wote huweza kukataliwa. Swali la sita sikuliuliza kwa maneno. Nilipiga simu saa mbili usiku, siku ya Jumapili, nione nani atashika.

Aliyeshika ndiye tuliyempa kazi. Jina likasajiliwa kwa jina la kikundi, na nywila zikaandikwa karatasini na kuwekwa katika kiondo cha Susu pamoja na risiti ya M-Pesa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, mteja wa Nairobi aliagiza asali yake bila kujua kuwa baharini kuna msiba.

Hata hivyo, mnunuzi wa viondo vile 60 hakurudi. Viliuzwa sokoni kimoja kimoja, kwa bei isiyofikia nusu ya ile tuliyokubaliana. Nimewalipa akina mama kiasi nilichoweza. Kilichosalia walinisamehe, na msamaha huo ni mzito kuliko deni.

Wanachama wenzangu, mikataba ya mtandao huandikwa kwa Kiingereza, nayo huwafunga watu wanaozungumza Kikamba na Kiswahili. Sisi tunaojifunza lugha hii tumezoea kubishana kuhusu istilahi madarasani. Twende nazo Kibwezi na Mutomo pia, tukamsomee mpangaji mkataba wake kabla hajaweka sahihi.