Mifuko ya Rubani

Mavazi yana kazi nne: kuusitiri mwili, kuukinga, kuupamba, na kuutumikia. Tatu za kwanza zimesifiwa sana na washairi na watunga hadithi. Ya nne haisifiwi, labda kwa kuwa faida yake haionekani ila siku inapokosekana. Katika insha hii nataka kuitetea, nami nimemchagua rubani kuwa shahidi wangu. Maana ni watu wachache ambao uhai wao, na uhai wa wengine, umekaa karibu hivyo na mfuko wa suruali.

Chumba cha rubani katika ndege ndogo ni chembamba. Aliye ndani yake amefungwa mkanda kiunoni na mabegani. Mkono mmoja u juu ya usukani. Wa pili hufanya kazi zote zilizobaki: huongeza na kupunguza nguvu ya injini, hubadili masafa ya redio, hushika ramani, huandika maagizo ya waongozaji wa ndege. Kitu kikianguka sakafuni hawezi kusimama akitafute. Hata kuinama kuna hatari. Ndege ikiwa inageuka ndani ya wingu, na rubani akashusha kichwa kwa ghafla, majimaji yaliyo katika sikio la ndani humdanganya, akadhani ndege inapinduka hali haipinduki. Basi penseli iliyoanguka yaweza kuwa mwanzo wa msiba. Wahenga wetu hawakuona ndege, lakini walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Watu wa kwanza kuruka walilijua jambo hili mapema. Mnamo mwaka 1904, Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akirusha vyombo vya anga mjini Paris, alitengenezewa na rafiki yake Louis Cartier saa ya kufunga mkononi, kwa sababu kuitoa saa ya mfukoni kulimlazimu kuachia usukani. Mwaka 1917 akatokea Sidney Cotton, Mwaustralia aliyekuwa rubani katika jeshi la majini la Uingereza. Siku moja ya baridi aliitwa kuruka ghafla akiwa na ovaroli kuukuu iliyolowa mafuta ya mitambo. Wenzake walirudi wakitetemeka; yeye alirudi na joto lake. Alifahamu kwamba yale mafuta yamezuia upepo. Akaenda London akashonewa vazi la kipande kimoja lenye tabaka tatu: manyoya ndani, hariri isiyopitisha upepo katikati, na kitambaa chepesi nje. Likaitwa Sidcot, kwa kuunganisha majina yake. Mifuko yake mikubwa ilikuwa chini ya magoti. Mtu aliyesimama angeicheka mifuko hiyo. Lakini rubani hasimami, ameketi, na mkono wa aliyeketi hufika pale bila taabu.

Hayo niliyasoma zamani, yakakaa akilini kama mambo ya vitabu. Mwaka uliopita yaliingia nyumbani kwetu, mpwa wangu alipokubaliwa katika chuo cha urubani mjini Nairobi. Jamaa tulichanga fedha za zawadi. Dada yangu, mama wa kijana, ni mshonaji wa cherehani mjini Tanga, naye ni mjane. Yeye alitaka shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, na kofia. Kijana akanijia faraghani, akasema, "Mjomba, mistari ya mabegani mtu hupewa akiistahili. Mimi nahitaji mifuko." Aliomba suruali yenye mifuko ya mapajani inayofungwa kwa zipu, na kibao chenye kibanio cha karatasi, cha kufungwa pajani kwa ukanda, apate kuandika bila kukiachia cho chote mkononi.

Dada alipopata habari alikasirika. "Nimemsomesha mwanangu kwa sindano, kaka, ili avae kama fundi wa gereji? Watu watasema nini?"

Sikuidharau hasira yake. Kwa mama aliyelea peke yake, weupe wa shati lile ulikuwa hati ambayo majirani wangeisoma bila kuelezwa. Sikumwambia kwamba mapambo ni upuuzi. Nilimsimulia mkasa wa tarehe 9 Februari 2014. Ndege kubwa ya jeshi la anga la Uingereza, aina ya Voyager, ilikuwa juu ya Bahari Nyeusi na watu 198. Rubani mkuu alikuwa amebaki peke yake mbele, akipiga picha. Kamera yake aliiweka kati ya kiegemeo cha mkono na usukani. Aliposogeza kiti mbele, kamera ikausukuma usukani. Ndege ikainamisha pua, ikashuka futi 4,400 kwa muda usiotimia nusu dakika. Watu wasiofunga mikanda walirushwa hata darini, na wengi waliumia. Hakufa mtu, na ndege ikatua salama Uturuki. Uchunguzi haukuona ubovu katika mitambo. Kamera tu haikuwa mahali pake.

Dada alinyamaza kitambo, kisha akachukua utepe wake. "Keti," alimwambia mwanawe.

Kijana alikuwa amekwisha simama kama wanavyosimama watu wote wakipimwa. Akaketi. Mama akampima goti likiwa limekunjwa. Akaweka mfuko mshazari juu ya paja, mdomo wake ukiuelekea mkono. Akaulizia ukubwa wa kila kitu: hati, taa ndogo, miwani. Kwenye mkono wa kushoto wa shati, juu ya kiwiko, akashona kifuko chembamba cha penseli. Sikuwa nimemtajia Cotton wala mifuko yake. Ufundi wa sindano ulimfikisha pale pale.

Wala jambo hili si geni katika lugha yetu. Tunalo neno kibindo, ule mkunjo wa nguo kiunoni unaohifadhi fedha na vitu vidogo. Na tunalo pindo la kanga, ambamo bibi yetu alifunga ufunguo na sarafu. Usiku wa giza alifungua pindo bila taa, vidole vikajua kipi ni kipi. Hicho ndicho atafutacho rubani: mkono upate kujua bila kulisumbua jicho, maana jicho lina kazi nyingine. Siku hizi marubani wengi wameacha ramani za karatasi, wakachukua kompyuta bapa. Lakini nayo hufungwa pajani au hushikizwa ukutani, kwani ikiachwa huru ni kama ile kamera.

Kijana ameanza masomo yake na suruali ya mama yake. Kitambaa cheupe nacho kimekwisha nunuliwa, kimekunjwa ndani ya sanduku la dada, kikingoja siku ya mistari. Nimemwomba ruhusa moja tu: shati hilo litakaposhonwa, nalo lipimwe mwenyewe akiwa ameketi. Ameniahidi.