Jengo Ni Zima, Mwamba Ndio Unaokwisha

Mombasa ukimwambia mtu wa tuktuk akupeleke Laithausi, hatakuuliza swali la pili. Atakushusha Mama Ngina, Ras Serani, penye mibuyu na madafu, mihogo ya kukaanga na kachri, na watu waliokaa wakitazama meli zikiingia Kilindini. Taa yenyewe iliyopapa mahali pale jina, ni wachache wanaoinua macho kuiangalia. Mnara wa taa una faida kwa aliye baharini. Sisi wa nchi kavu tunautumia kuagana mahali pa kukutana.

Nimeanza na mnara huo kwa kuwa siku hizi nawaza sana juu ya majengo yanayoishi na bahari. Mawazo hayo yameletwa na nyumba yetu ya Mji wa Kale, ambayo kila asubuhi naikuta imemwaga unga mweupe kwenye kibaraza.

Lakini nitangulie Ngomeni. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milano, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari ya kale. Kuta zake zimekula mizinga, zimefungia wafungwa tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 2011 zikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mgeni akiingia husifu unene wa ukuta. Aliyezoea kushuka ufuoni maji yakipwa aliona jambo jingine. Chini ya ukuta, pale ambapo Wareno hawakujenga kitu ila waliliamini jiwe walilolikuta, mawimbi yalikuwa yameufukua mwamba na kuacha mapango. Bamvua likikutana na kusi, maji yaliingia mle ndani kwa kishindo yakatoka na kokoto. Ngome ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikiisha ni kilichoibeba.

Miaka ya mwisho ya muongo wa 2010 ukajengwa ukuta wa kukinga mawimbi mbele ya mwamba ule. Haupendezi, nami sitajifanya unapendeza. Hata hivyo naona fedha zilizozama pale chini, mahali ambapo hakuna mtalii atakayepapiga picha, zilikwenda panapostahili kuliko kama zingekwenda kwenye lango jipya na taa za rangi.

Kuna sadfa moja hainitoki akilini. Waomani waliitwaa ngome hiyo Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Novemba 1698, Mwingereza Henry Winstanley aliwasha taa juu ya mwamba wa Eddystone, baharini mbali na Plymouth. Dhoruba ya 1703 iliuchukua mnara huo na Winstanley mwenyewe akiwa ndani. Wa pili uliteketea kwa moto 1755. Wa tatu aliujenga John Smeaton, ukawashwa 1759. Mtu huyu alikata mawe yakaumana kila moja na mwenziwe, akafanya majaribio mpaka akajua ni chokaa ipi inayoshika hata ikiwa majini: ile iliyochomwa kutokana na jiwe lenye udongo ndani yake. Mnara wake ulikaa zaidi ya miaka mia moja, na bahari haikuuweza. Ulivunjwa kwa sababu mwamba uliousimamisha ulikuwa ukiliwa, na wimbi kubwa likipiga mnara wote unatetemeka. Mnara mwingine ukawashwa jirani yake 1882. Sehemu ya juu ya ule wa Smeaton ikasafirishwa jiwe kwa jiwe hadi Plymouth, ikasimamishwa bara. Kigutu chake kingali pale mwambani. Fundi hakukosea popote, na bado kazi yake ilibidi ihamishwe.

Sasa nyumba yetu. Mzee mmoja mwashi, katika wachache waliobaki wanaoijua chokaa, alikuja kuitazama. Hakutoa futi wala kalamu. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasogea, akagonga tena, mpaka sauti ikabadilika. "Sikiza, mwanangu. Hapa ndani hamna kitu." Akaingiza ncha ya mwiko nyuma ya lipu ya simiti, na kipande kikubwa kama sinia kikamfuata mkononi. Kwa mbele kilikuwa kigumu, kisafi, kimepakwa rangi. Nyuma yake, mawe ya matumbawe yalikuwa yamegeuka unga. Akachovya kidole, akalamba. "Chumvi."

Simiti ile aliipiga marehemu ami, kwa nia njema, maana simiti ndiyo iliyokuwa dukani na ndiyo waliyokuwa wakiisifu watu wote. Mawe yetu yana matundu. Hunywa unyevu kutoka chini na kutoka kwenye upepo, na unyevu huo huja na chumvi. Ukuta uliopigwa chokaa hupumua: maji hutoka, chumvi hujitokeza nje, lipu huchakaa taratibu nawe huirudia. Simiti huziba. Maji yakikosa njia hukaukia ndani, chumvi ikaota fuwele kwenye matundu ya jiwe na kulipasua kidogo kidogo. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukiwaambia wageni kwamba upande ule ndio imara.

Dawa yake ni chokaa, na chokaa haina haraka. Hurojwa ikalazwa, hupigwa kwa tabaka nyembamba, huloweshwa isikauke kwa jua, kisha huachwa ivute hewa mpaka ishike. Maji yake lazima yawe matamu. Hilo kwetu ni jambo la mfereji tu, japo mfereji wa Mombasa nao una siku zake. Nikakumbuka Chumbe, kisiwa kidogo cha Unguja chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, uliotiwa taa ya gesi mwaka 1926. Kisiwa hakina maji matamu ila ya mvua, na kila mfuko wa vifaa lazima upande mashua. Nyumba ya mtunza taa ilikuwa gofu. Bahari ya kisiwa ilipotangazwa hifadhi mwaka 1994, gofu lile likafanywa nyumba ya kupokea wageni, na baadhi ya waliokuwa wavuvi wakawa walinzi wa miamba. Ujenzi ulipitiliza mno muda uliopangwa. Ninachokiona mimi ni kwamba pale palirudi watu wenye sababu ya kuamka hapo kila siku, na jengo lenye mtu ndani hupata wa kuliona likianza kuvuja.

Nyumba yetu ina sababu hiyo, ila ina warithi pia. Baadhi wako Majengo, baadhi Muscat, mmoja London, na kila akifa mtu hesabu ya mirathi huanza upya. Mwenye sehemu moja katika arubaini na nane haoni kwa nini atoe fedha za chokaa. Anayeishi ndani haoni kwa nini alipie ukuta wa watu wote. Nilipoanza kupiga simu kuomba mchango nikagundua kwamba shangazi zangu wawili hawajasemezana tangu matanga ya kaka yao, na chanzo si nyumba hata kidogo. Ni maneno yaliyotamkwa jikoni mbele ya watu. Kila Idi walikuwa wakikaa sebuleni pamoja, wakipitishiana sahani ya kaimati, nasi tukiamini mambo ni shwari.

Nikaacha kuomba fedha. Nikampeleka shangazi mdogo kwa mkubwa, Alasiri, bila kumwambia nani alipendekeza. Walianza na habari za magoti, wakaja kwenye bei ya nazi, na saa moja baadaye ndipo maneno ya jikoni yakatoka, kwa sauti ambayo jirani naye aliisikia. Nilikaa kimya. Shangazi mkubwa alilia, kisha akaniuliza huyo fundi anataka shilingi ngapi.

Mzee mwashi amesema ukuta wa nje hataugusa mpaka masika yapite. Kabla ya hapo tuna binamu wa Muscat wa kutia sahihi, naye hapokei simu ya mtu isipokuwa ya shangazi mdogo.